Fereti wa Noof na Mvua ya Salalah

Jumapili, 6 Julai

Joto. Sina neno jingine la kuanzia. Usukani umenichoma viganja. Kila niliposhuka garini miwani ilifanya ukungu, nikawa nabisha hodi kwenye ukuta.

Habari kubwa imeletwa na Filomena, mpishi wetu, ambaye husikia kila kitu akiwa anapakua chakula. Familia inatoka hapa Maskati kwenda Salalah, kusini mwa Oman, wiki ijayo, kwenye msimu wa mvua wa kharif. Huko milima ni kijani, ukungu umetanda, manyunyu yanaanguka mchana kutwa. Watu wanavaa masweta. Julai, masweta.

Bwana Thani, mwenye nyumba, anaendesha mwenyewe. Gari la safari ndefu hamwachii mtu. Imebaki nafasi moja ya mfanyakazi. Wafanyakazi tuko wawili, Filomena na mimi. Mimi ni dereva. Gari lina dereva. Nimelala chali muda mrefu nikiitafakari hali hiyo, huku kiyoyozi cha chumba changu kikinidondoshea maji kifuani.

Ninavyoona, haki iko upande wangu. Mimi ni mtu wa Bukoba, nimezaliwa mvuani. Filomena ni wa Dodoma. Vumbi na jua ni ndugu zake. Mvua ataifanyia nini?

Jumatatu, 7 Julai

Mlango umefunguka. Si kwa Filomena.

Noof, binti wa nyumba hii, anafuga fereti. Ni mnyama mrefu mwembamba kama soksi iliyojazwa mchanga. Ana rangi ya ufuta uliokaangwa na weusi machoni, kama mtu aliyevaa barakoa akavamie duka. Jina lake Simsim. Tumeishi nyumba moja muda wote huu na hatujawahi kusalimiana.

Leo asubuhi Noof alisema kazi yake ya benki imebadilika, hawezi tena kurudi mchana kumtoa Simsim kwenye tundu lake. Anatafuta mlezi. Na mlezi huyo, alisema, itabidi waende naye Salalah, kwa sababu Simsim hatulii na mtu asiyemzoea.

Sikungoja amalize. Nilisema kwetu Bukoba babu yangu alifuga hawa, nimekua nao, tulilala nao kitanda kimoja. Filomena alikuwa anaweka mkate mezani. Akaniuliza kwa upole wanaitwaje kwa Kihaya. Nikataja neno ambalo maana yake ni kifuniko cha chungu. Filomena si Mhaya.

Bi Zuwena, mama yake Bwana Thani, hakuridhika, lakini yeye haridhiki na Simsim mwenyewe. Bibi huyu amezaliwa Unguja, na miaka yote ya Maskati haijamtoa Unguja.

"Huyo n'namjua mie, ni cheche," alisema. "Kwetu mtu akimwona cheche hufunga banda la kuku. Nyie mwamfungia banda yeye, mwamtilia na kiyoyozi."

Kazi nimepewa. Filomena ameniambia, "Hongera, kaka Audax." Kwa sauti ile yake ya kawaida. Namjua. Anapanga jambo.

Jumanne, 8 Julai

Nilidhani ni mnyama wa kutazama, kama samaki wa mapambo. Kumbe nimekabidhiwa mtoto asiyevaa nepi.

Noof amenipa masharti kabla ya kwenda kazini. Simsim hulala sehemu kubwa ya siku, lakini akiamka anatakiwa atolewe acheze, asubuhi kwa saa mbili na jioni tena kwa saa mbili, na mtu awe naye. Si mtu aliyeshika simu. Mtu. Anakula nyama, kidogo kidogo, mara nyingi, maana utumbo wake ni mfupi na chakula hakikai. Sinia lake la mchanga lisafishwe kila siku. Matundu yote ya nyumba yazibwe, kwa sababu popote kinapopita kichwa chake na mwili unapita. Na chumba kiwe baridi daima. Joto la nje, alisema Noof, linamuua mara moja, hana jasho la kumpoza.

Halafu akaongeza la mwisho. Kila siku nimtumie video fupi Simsim akicheza, ili akiwa kazini moyo wake utulie.

Nikamtoa. Akatoka kinyumenyume. Akaruka upande, akagonga kabati, akafurahi, akaligonga tena. Anatoa sauti kama kuku mwenye kikohozi. Akaniuma kidole gumba cha mguu, akaniibia soksi, akaniibia kitambulisho changu cha ukaazi, akaviburura vyote chini ya sofa. Nikaingiza mkono, kisha bega, kisha kichwa. Kutoka nikashindwa. Filomena alinivuta kwa miguu.

Saa mbili za Simsim ni ndefu kuliko barabara ya kwenda Nizwa.

Alhamisi, 10 Julai

Simsim amekufa.

Nilikwenda kumwamsha, nikamkuta amelegea. Nikamwita. Nikamtikisa. Nikamwinua, akaning'inia kama shuka lililotoka kufuliwa, kichwa huku, mkia kule, ulimi nje kidogo. Salalah imekufa pamoja naye. Nimemfunga kwenye taulo. Nimefikiria la kumwambia Noof. Nimeona kuna haja ya kutaja, bila kumlaumu mtu, kwamba nyama anayokula Simsim hukatwa na Filomena.

Baadaye.

Nilichimba shimo nyuma ya nyumba, chini ya ule mti wa mwarobaini, jua likinipiga kisogoni. Bi Zuwena akatokea dirishani akauliza nafanya nini. Nikasema napanda mchicha. Akauliza nani kanituma kupanda mchicha mwezi wa saba Maskati. Nikasema ni wa majaribio. Nilipoinama kuchukua taulo, taulo likapiga miayo.

Simsim alinitazama. Akajinyoosha hadi vidole vikatetemeka. Akapanda kifuani kwangu, akaingia kwenye shati, akalala upya.

Nimemuuliza Noof kwa mbali, kana kwamba najua jibu. Amesema ndiyo, hawa hulala usingizi wa maiti, bila shaka wa babu yangu pia walikuwa hivyo. Nikasema sana.

Bi Zuwena ameniulizia mchicha wake wakati wa chakula. Itabidi sasa nipande.

Ijumaa, 11 Julai

Siku ya aibu.

Wageni wa Bwana Thani walikuja baada ya swala ya Ijumaa. Simsim ana harufu. Si mbaya, ni ya mnyama, kama gunia lililowahi kuwa na asali. Lakini nilitaka Bwana Thani aone nilivyo mlezi wa hali ya juu. Kwa hiyo asubuhi nilimwogesha. Kwa sabuni ya Filomena, ile ya mawaridi. Kisha nikamfukiza ubani. Alipiga chafya mpaka akageuka geuka hewani.

Noof aliwahi kuniambia asiogeshwe ovyo. Nakumbuka alisema hivyo. Sikukumbuka kwamba alitoa sababu. Sababu ni kwamba ukimtoa mafuta ya ngozi, mwili unayatengeneza upya, kwa hasira. Wageni walipoanza kahawa, harufu ilikuwa imeshashuka ngazi. Mawaridi, ubani, na chini yake beberu. Mzee mmoja aliweka tende chini bila kuila. Bwana Thani akaniita pembeni, akaniuliza taratibu kama nimeleta mbuzi ndani.

Nikasema pengine ni jikoni. Mungu anisamehe. Filomena alikuwa nyuma yangu ameshika birika.

Jioni alinirudishia sabuni yake. Akasema sasa nibaki nayo.

Jumapili, 13 Julai

Nimechoka. Asubuhi Simsim, katikati gari, mchana nyama, jioni Simsim, sinia, maji, kucha, masikio. Naota vitundu. Naziba matundu usingizini.

Nilizungumza ukutani na Japheth, Mkenya anayetunza bustani na bwawa la jirani. Alinicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Buda, wewe ulisoma udereva ukakuwa ayah wa panya." Nikamwambia si panya, ni jamaa wa kicheche. Akacheka zaidi. Nikamweleza habari ya Salalah. Akaacha kucheka. Akasema yeye pia angeoga na huyo panya kama angepelekwa kwenye mvua.

Lazima niandike jambo moja la ajabu kidogo. Jioni, baada ya kukimbia na kuiba na kugonga makabati, Simsim alikuja mwenyewe, akajisokota kwenye mkono wa shati langu, pua ikatokea kiganjani, akalala hapo. Sikujitikisa. Mkono ulikufa ganzi hadi begani. Sijui kwa nini sikujitikisa.

Lakini mtu hawezi kuishi hivi. Akili nilizopewa na Mungu nizitumie lini?

Jumatatu, 14 Julai

Nimepata ufumbuzi. Najishangaa sikuufikiria mapema.

Noof hahitaji nicheze na Simsim kila siku. Noof anahitaji video kila siku. Hayo ni mambo mawili tofauti, na aliyeyatenganisha ni mimi.

Leo nimepiga video za wiki nzima. Shati jeupe, Simsim na mpira. Shati la bluu, Simsim ndani ya boksi. Fulana ya kijani, Simsim na bomba la kupitia. Shati la mistari, Simsim ananifukuza. Kila mara nilihamisha mito ya sofa na kubadilisha pazia upande. Mara moja nilipiga chafya makusudi, ili siku ya Alhamisi ionekane nina mafua. Ndiyo tofauti ya fundi na mbabaishaji.

Simsim alifurahi kupita kiasi. Hakuna aliyewahi kucheza naye vile. Alidhani ni sikukuu. Mwishoni alianguka ubavu akalala mdomo wazi juu ya kiatu changu.

Mashati yote yamelowa jasho. Kesho nitayafua, maana nitayahitaji nikutwe nimeyavaa. Ninafikiria kila kitu.

Jumanne, 15 Julai

Nimetuma shati jeupe. Noof amejibu kwa moyo mwekundu, akaandika kwamba siku yake ilikuwa mbaya na Simsim amemtoa uchovu. Akaandika pia, "Shukran Audax, naona umechoka kwa ajili yake."

Nilikuwa nimelala. Chumba cha Simsim ndicho chenye kiyoyozi kizuri kuliko vyote, nami nimetandika godoro pale. Usingizi wa Salalah bila kwenda Salalah.

Kitu kimoja tu kinakera. Simsim hakulala. Alisimama kwa miguu ya nyuma, ameshika nondo za tundu, ananitazama. Nikageukia ukutani. Akaanza kutafuna nondo. Nikajifunika mto kichwani. Akaendelea. Kisha akaanza kuchezea komeo la mlango wa tundu kwa pua, juu, chini, juu, chini, kwa subira ya fundi saa.

Nikamwambia kesho. Kesho nitakutoa, rafiki yangu.

Mashati nimeyafua. Nitayaanika kesho, jua lipo, haliendi popote.

Jumatano, 16 Julai

Sina hamu ya kuandika. Naandika kwa sababu hakuna wa kuongea naye.

Baada ya kumpeleka Bwana Thani kazini nilipita mlango wa nyuma kuanika mashati. Nikarudi na kikapu. Mlango sikuufunga vizuri, mikono ilikuwa imejaa. Chumba cha Simsim nacho nikakiacha wazi kidogo, nikajitupa godoroni. Simsim alikuwa amesimama kwenye nondo. Jana nilimwambia kesho, kwa hiyo leo ilikuwa ndiyo kesho yenyewe. Nilijiambia nipumzike kwanza.

Nilipoamka tundu lilikuwa tupu. Komeo limeinuliwa vizuri, bila kuvunjwa.

Nilitafuta chini ya sofa. Nikakuta soksi yangu, kijiko, tasbihi na kidhibiti cha televisheni, ila yeye hakuwepo. Nikatafuta kwenye mashine ya kufulia, kwenye viatu, kwenye gunia la mchele, ndani ya friji. Filomena alikuwa amekwenda sokoni. Bi Zuwena sikumwona chumbani, nikashukuru. Halafu nikauona mlango wa nyuma. Ulikuwa wazi, na hewa iliyoingia ilikuwa kama ya mdomo wa tanuri.

Nilikimbia nje kwa upande wa barabara. Nikarudi kuchukua gari. Nikazunguka mtaa wetu wa Qurum polepole, kioo kimeshushwa, nikimwita Simsim, asikie asisikie. Hakuna mtu anayetembea kwa miguu Qurum mwezi wa saba. Barabara nyeupe tu, kuta nyeupe, paka mmoja kivulini aliyenitazama kana kwamba anajua. Nilishuka nikachungulia chini ya magari ya watu. Lami ilinichoma magoti. Nikafikiri, kiumbe asiye na jasho, kwenye lami hii. Nililia. Naandika ukweli, nililia, nikiwa nimepiga magoti mbele ya gari la mtu nisiyemjua.

Hapo simu ikalia. Ujumbe wa Noof. Anauliza Simsim anaendeleaje.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza jioni nzima. Ulimi ulikuwa na neno, lakini kidole kilikuwa na shati la bluu. Nikatuma. Nikaandika chini yake: anacheza vizuri mno leo, hata mimi kanishinda.

Kisha nikazunguka tena, nikarudi nyumbani kuchukua maji.

Noof alikuwa sebuleni. Gari lake lilikuwa nje ya geti, nami kwa haraka yangu sikuliona. Bi Zuwena alikuwa kwenye kiti chake, na mapajani kwake kulikuwa na kanga iliyolowa, na ndani ya kanga Simsim. Amelegea. Siyo usingizi ule. Anahema kwa haraka, mdomo wazi, kama mtu anayeongea bila sauti. Feni inawapulizia. Daktari wa wanyama, aliyeletwa na Noof, alikuwa amepiga magoti zuliani, anamtia maji mdomoni tone kwa tone.

Bi Zuwena alikwenda kugeuza ndimu zake alizozianika uani, akamkuta amejilaza chini ya sinia la ndimu. Pale ndipo palipokuwa na kivuli. Akavua kanga ya begani, akailoweka bombani, akamfunga, akambeba ndani, akampigia Noof. Mimi nilitokea upande wa barabara. Sikupita uani. Hatua chache tu, sikupita.

Noof hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alininyooshea simu yake. Kwenye kioo mimi, shati la bluu, nacheka. Simsim anatoka kwenye boksi. Sauti yangu inasema, njoo, njoo kwa baba.

Ndani ya kanga sikio la Simsim likacheza. Akainua kichwa kidogo, akaitafuta sauti.

"Umemwona?" Noof akaniambia. "Akisikia funguo zako barazani hukimbilia kwenye nondo. Mimi mwenyewe hanifanyii hivyo. Kila siku nilikuwa nikikuonea wivu."

Nikasema funguo zina kengele ndogo, labda ndiyo sababu.

"Nenda kapumzike, Audax," alisema.

Bi Zuwena hakuniangalia. Alikuwa anamsemesha cheche. "Kunywa, baba, kunywa. Mie nipo. Usende, nani atan'ibia ndimu zangu?"

Ijumaa, 18 Julai

Simsim amepona. Jana alikula, leo ameiba kiatu cha Bwana Thani. Daktari amesema angekaa nje kidogo zaidi tu, asingepona.

Bwana Thani aliniita barazani. Aliongea taratibu, anavyoongea na watu asiotaka kuwaona. Alisema kosa la kuacha mlango lingempata yeyote. Kosa la video limenipata mimi peke yangu. Akasema sitafukuzwa, kwa sababu Filomena amenitetea.

Nilimfuata Filomena jikoni nimuulize alisema nini. Alikuwa anamenya vitunguu. Akasema alimwambia Bwana kwamba kaka Audax anampenda mnyama yule, ila anapenda njia za mkato zaidi.

Nimeigeuza sentensi hiyo pande zote. Bado natafuta mtego uko wapi.

Salalah anakwenda Filomena. Mlezi wa Simsim ni Bi Zuwena. Amekataa mtu mwingine yeyote kumshika. Anamtoa asubuhi na jioni, anakaa zuliani na miguu yake inayouma, anamrushia tasbihi, naye anairudisha au hairudishi. Amempa mpaka ubini, jina la ukoo kama mtoto wa nyumba. Mimi nitabaki Maskati, nilinde nyumba na kumwagilia bustani.

Jumamosi, 19 Julai

Wameondoka alfajiri, kabla jua halijakasirika.

Nilipakia mizigo. Bwana Thani kwenye usukani, Noof kando yake, nyuma Bi Zuwena na sanduku la Simsim mapajani, na Filomena dirishani. Filomena amevaa sweta la zambarau. Amelivaa hapa hapa Maskati, jasho likimtiririka, na sijawahi kumwona anacheka vile. Akasema ataniletea madafu ya kule. Nikamwambia asijisumbue. Akasema si usumbufu.

Simsim alitoa pua kwenye kitundu cha sanduku. Niliweka kidole. Akakilamba, kwa bidii, upande huu na upande ule. Bi Zuwena akaniacha muda kidogo, kisha akasema, "Bas, mwanangu, tutachelewa."

Najua ni chumvi ya jasho. Wanyama wanapenda chumvi.

Gari likakata kona. Nikarudi ndani. Nyumba kimya. Nikaingia chumba chake, nikalala kwenye godoro, kiyoyozi kizuri, hakuna anayetafuna nondo. Sikupata usingizi. Nikaamka nikaenda kumwagilia mchicha. Haujaota. Hautaota.

Jumatatu, 21 Julai

Filomena ametuma picha. Mlima wa kijani kibichi, ukungu, ngamia wamesimama mvuani. Pembeni Bi Zuwena chini ya mwavuli, na kichwa cha Simsim kikitokea kwenye ukosi wa koti lake. Chini ameandika kwamba maziwa ya ngamia ni matamu na usiku wanajifunika blanketi. Anasema ananiombea. Kwa nini aniombee? Nani kamwambia nina shida?

Nimelifikiria suala hili kwa utulivu na nimefikia hitimisho. Mpango wangu haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa mnyama. Nilichagua kiumbe anayetaka kutolewa, kuchezeshwa, kusafishwa, kupozwa, na juu ya yote kupendwa. Mtu yeyote angeshindwa.

Jioni Japheth amenipungia juu ya ukuta. Matajiri wake wanapanda Jebel Akhdar kukimbia joto, kule juu kwenye mashamba ya makomamanga, ambako watu wanalala madirisha wazi. Wana mizinga ya nyuki huko na mtu wao wa nyuki amerudi kwao. Wanatafuta wa kushika nafasi yake kwa muda. Japheth akaniuliza kama namjua mtu.

Nikamwuliza kama yeye anaweza kunimwagilia bustani ya Bwana Thani nisipokuwepo, bila kutangaza. Akasema anaweza. Basi nikamwambia awaambie matajiri wake kwamba marehemu baba yangu alikuwa mtu wa nyuki, Karagwe nzima ilikuwa inamfahamu.

Kesho naonana nao. Sina wasiwasi kabisa. Nyuki hatolewi kutembezwa. Ana mlango wake, anatoka mwenyewe, anarudi mwenyewe, chakula anajitafutia. Hajisokoti kwenye mkono wa shati la mtu. Wameuliza kupitia Japheth kama nina mavazi ya kujikinga, nimesema sisi wenyeji wa kazi hatuvai.

Mdudu mdogo vile atanifanya nini.